Tanga hadi Wete, mashine imezima

Tulitoka Tanga alfajiri kwenda Wete, kisiwani Pemba, kwa mashua ya mashine iliyojaa unga na magodoro, sisi abiria tukiwa juu ya mzigo. Ulikuwa msimu wa kusi, upepo utokao kusini. Jua lilipopanda, bara ilibaki mstari tu na chini yetu maji yana kina cha mamia ya mita. Hapo mashine ikakohoa, ikazima. Fundi akateremka kusafisha chujio la dizeli, sisi tukabaki kusukwasukwa, wengine wameinamia ubavuni wanatapika.

Mimi bahari hainilevyi, nikakaa kutazama nazi iliyokuwa ikielea karibu nasi, na pembeni yake dumu la njano, bila shaka boya la wavuvi lililokatika.

"Nahodha, mawimbi haya hayatatufikisha Kenya?"

"Wimbi halichukui kitu, mwanangu. Kinachochukua ni mkondo na upepo."

Nikaikodolea macho ile nazi. Wimbi likikaribia, inapanda. Kileleni inasogea mbele pamoja nalo. Wimbi likipita inashuka, na bondeni inarudi nyuma. Duara zima, kisha ipo karibu pale pale. Kwa saa yangu, vilele vilipishana kila sekunde 8 hivi. Wimbi la namna hiyo kwenye kina kirefu hukimbia kama kilomita 45 kwa saa, na kutoka kilele hadi kilele ni mita 100. Maduara hayo hupungua kadiri unavyozama. Mita 50 chini, maji karibu yametulia.

Nahodha alikosea kidogo mno. Mwaka 1847 mwanahisabati George Gabriel Stokes alionyesha kwamba duara halifungi kabisa: kileleni kitu husonga mbele kuzidi kinavyorudi bondeni. Kwa wimbi lenye kimo cha mita 1 kama yale yetu, nazi hupata mita 40 na ushei kwa saa. Ukiwa na haraka, usiabiri wimbi.

Dumu lilikuwa na habari nyingine. Lilikaa juu juu, upepo ukalishika, na fundi hajamaliza kazi tayari limeiacha nazi mbali, likielekea kaskazini.

"Hata bawa la ndege lilikuja kwetu," akasema bibi mmoja wa Kipemba aliyekalia magodoro. Kweli. Juni 2016 kipande cha bawa kiliokotwa Pemba, na Septemba mwaka huo wataalamu wa Australia wakathibitisha ni cha ile ndege ya abiria ya Malaysia, MH370, iliyotoweka tarehe 8 Machi 2014. Mkondo, upepo na mawimbi vilikivusha Bahari ya Hindi kwa zaidi ya miaka miwili.

Mashine ikawaka. Nahodha akaelekeza omo, yaani mbele ya chombo, kisiwa cha Misali, kusini kabisa ya tunakokwenda, maana mkondo wa pwani hii huenda kaskazini mwaka mzima na kusi huuongezea kasi. Hakushika dira wala simu. Jioni tukaingia Wete.