Baiskeli iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Baiskeli nimeipanda tangu nikiwa na sare za shule ya msingi, na kwetu mwanamke juu ya baiskeli hamgeuzi mtu shingo. Mama zetu walitupakia kwenye keria kutupeleka kliniki. Lakini zile zilikuwa Foniksi, unakaa wima kama uko kwenye kigoda. Mwaka juzi nilinunua baiskeli ya resi, mtumba wa Japani, ya chuma chembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Niliinyanyua kwa mkono mmoja, nikalipa bila hata kubishana sana bei.

Jumapili iliyofuata nikatoka alfajiri kwenda Muheza, kama kilomita 35. Kufika Pongwe kiuno kilikuwa kizito. Kufika Mkanyageni nilishuka, nikalala chali chini ya mwembe, magoti juu, mpaka mama mmoja mwenye beseni la machungwa akaja kuniinamia: "Mwanangu, umegongwa?"

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Ni cherehani, unainama mchana kutwa. Ni umri. Vaa mkanda. Nilichuliwa mpaka nikanuka karafuu. Hospitali nilikwenda pia, na hilo nawasihi mlifanye kabla ya kugusa spana. Daktari aliniuliza kama maumivu yanashuka mguuni, kama nina ganzi, kama mguu unakosa nguvu, kama mkojo una shida. Mtu mwenye moja ya hayo asihangaike na kiti cha baiskeli, awahi matibabu. Mimi sikuwa nayo. Ilikuwa misuli, na ilikuwa inauma nikiwa juu ya baiskeli ile tu. Juu ya Foniksi ya dada yangu nilikwenda Raskazone na kurudi bila shida yoyote.

Aliyenifumbua macho ni binti yangu, wala hakukusudia. Alinirekodi kwa simu kwa nyuma, nikipanda taratibu kule Kange. Jioni nikaangalia ile video na jicho likaenda pale linapokwenda siku zote, kwenye pindo. Nilikuwa nimevaa dera fupi juu ya suruali. Kila mguu wa kushoto ukishuka, pindo la kushoto linashuka nao na la kulia linapanda. Kisha kinyume chake. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama nguo iliyotundikwa kwenye kamba penye upepo. Mtu mwenye nyonga zilizotulia pindo lake halifanyi hivyo. Nilikuwa naifukuza pedali kwa ncha za vidole, na kila mzunguko kiuno kilikuwa kinavutwa upande mmoja, kinarudishwa upande wa pili. Piga hesabu ya mizunguko mpaka Muheza.

Kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja fundi baiskeli, ana kibanda chini ya mkungu huku huku Ngamiani. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu, leo umeleta farasi?" Akashika kiti, nikapanda huku nimeegemea nguzo, akaniambia niweke kisigino kwenye pedali na niishushe mpaka chini kabisa. Kisigino hakikufika. "Kisigino kifike, mguu ukiwa umenyooka bila kuinamisha nyonga. Halafu ukikanyaga kwa sehemu pana ya unyayo, goti litakunjika kidogo lenyewe. Hicho ndicho kimo chako."

Nyumbani nikahakikisha kwa futi yangu. Kuna hesabu iliyoenezwa na Greg LeMond, yule Mmarekani aliyeshinda mbio za baiskeli za Tour de France mara tatu, 1986, 1989 na 1990: chukua urefu wa ndani wa mguu, zidisha kwa 0.883, unapata umbali wa kutoka katikati ya kranki, yaani pale mikono ya pedali inapozungukia, hadi juu ya kiti. Nilisimama peku ukutani, kitabu nimekibana katikati ya mapaja kama ninavyowapima watu suruali, ila hapa unakibana kwa nguvu mpaka kiguse mfupa. Sentimita 82. Jibu ni 72.4. Kiti changu kilikuwa 75.6. Zaidi ya sentimita tatu! Mteja akiletewa suruali iliyozidi sentimita tatu, anairudisha. Hesabu hiyo si sheria, miguu ya watu na viatu vyao vinatofautiana, lakini iliangukia pale pale kilipoonyesha kisigino, nami nikaamini.

Nikakishusha nusu sentimita, nikaendesha siku tatu, nikashusha tena. Misuli nayo ina mazoea yake, ukiihamisha ghafla inalalamika. Wiki ya tatu nyonga zilikuwa zimetulia na maumivu yamepungua kama nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa juu, kati ya mbavu na kiuno, na hapo nikafanya kosa.

Niliona mikono haiufikii usukani vizuri, nimejinyoosha kama mtu anayechungulia kisima. Nikasukuma kiti mbele mpaka mwisho wa reli zake. Siku mbili mgongo ukapata nafuu, siku ya tatu magoti yakaanza kuuma kwa mbele na viganja vikawa vinakufa ganzi. Mzee aliponiona akatikisa kichwa. "Kiti kinamfuata mguu, mwanangu. Mkono una dawa yake kwenye usukani." Nikafunga bobini kwenye uzi, nikalaza kranki mlalo, binti akashika uzi mbele ya goti langu. Bobini ilitakiwa ianguke karibu na ekseli ya pedali. Ilianguka mbali mno mbele. Nikarudisha kiti nyuma. Wakati huo huo nikaazima pimamaji kwa fundi ujenzi jirani, nikaona pua ya kiti imeinuka. Kiti cha namna hiyo kinazungusha nyonga kwenda nyuma na mgongo unajikunja kama upinde. Nikakilaza sawa, pua ikiinama kidogo sana.

Sasa usukani. Baiskeli hizi za zamani shingo ya usukani imezama ndani ya bomba, imekazwa kwa boliti ndefu inayovuta kabari chini. Unalegeza mizunguko mitatu minne, usiitoe yote, kisha unaigonga kichwani ili kabari iachie. Kwa baiskeli iliyokaa karibu na bahari si rahisi hivyo. Ya kwangu ilikuwa imeshikana na kutu ya chumvi. Mzee alitia mafuta asubuhi, akanirudisha dukani, akatia tena mchana. Alasiri akaweka kipande cha mti juu ya boliti, akagonga mara moja, mara ya pili, ya tatu ikatoka sauti kavu, "ka!", na vumbi jekundu likamwagika kwenye kanga aliyokalia. Hakukuwa na nyufa. Akaifuta, akaipaka grisi.

Shingo yenyewe ilikuwa na urefu wa milimita 110. Kwenye kopo lake la vyuma chakavu tukapata ya 80, unene ule ule, nikampa hela ya soda na zaidi. Tukaiinua sentimita mbili, na hapa naomba msome polepole: kuna mstari umechongwa kwenye chuma, huo usionekane nje ya bomba. Ukionekana, shingo haijazama vya kutosha na inaweza kukuacha na usukani mkononi. Kisha akabana gurudumu la mbele kwa magoti na kujaribu kuupinda usukani, haukuenda. Akaupeleka kushoto na kulia kuona nyaya za breki hazivutiki.

Nilipopanda, viwiko vilikunjika vyenyewe. Sikuwa nimeviona vikikunjika hivyo tangu niinunue.

Mengine yalikuwa madogo. Tairi nilikuwa nazijaza mpaka zinagota kama jiwe, nimepunguza upepo kiasi. Kwenye mlima sikanyagi tena giya nzito. Nashuka giya, miguu izunguke haraka.

Jumapili iliyopita nimekwenda Muheza na kurudi. Mkanyageni nilisimama kununua machungwa, nikayamenya nikiwa nimesimama. Vipimo nimeviandika kwenye daftari la wateja, ukurasa wa peke yake, baina ya sare za harusi na kanzu ya mtoto: kiti 72.4, shingo 80, uzi wa goti sawa. Kwenye bomba la kiti nimefunga uzi mwekundu na kuuzungushia gundi, kwa sababu dada yangu mrefu amekwisha anza kuiazima.