Nyanya za Bombo, msimu wa pili: bakteria kwa bakteria

Msimu uliopita nilimwaga pakiti nzima ya Bacillus subtilis kwenye nyanya zilizokwisha kunyauka, nikangoja zifufuke. Wapi! Bakteria huyu si tabibu, ni mpangaji. Akiwahi chumba, yaani mizizi, anakula sukari inayovuja humo na kutoa kemikali zinazowafukuza wengine. Akichelewa, mwenye nyumba keshakufa.

Kabla ya kuanza tena nilitaka kumjua adui. Nilikata shina la mche ulionyauka, nikaliinamisha kwenye glasi ya maji safi. Dakika chache tu, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kuteremka. Ralstonia huyo, bakteria wa mnyauko. Anakaa ardhini miaka, na biringanya, viazi mviringo na ntula (nyanya chungu) ni chakula chake vilevile.

Jamaa mmoja alinishauri nisinunue kitu, nichemshe nyasi kavu tu. Hakunidanganya: Bacillus hukaa kwenye nyasi kavu, na spora zake, yaani chembe ngumu anamojihifadhi, hustahimili maji ya moto yanayoua bakteria wengine wengi. Lakini spora za Bacillus cereus nazo hustahimili, na yule huharibu tumbo. Nyanya hizi tunazila mbichi kwenye kachumbari. Nikanunua pakiti nyingine.

Siku ya kuhamisha miche nilikoroga unga kwenye maji ya mvua, kwa kuwa ya bomba yana klorini. Miche 24 niliichovya mizizi, 24 niliipanda hivihivi. Hajati jirani akachungulia: "Mwanangu, miche nayo unaiogesha kama vitoto vichanga?"

Wiki sita, kimya. Wiki ya saba mvua kubwa ikapiga, na mchana wa saa saba nikakuta miche imelala, majani yangali mabichi. Nikang'oa, nikachoma, jembe nikaliosha kwa Jik. Hadi leo imekufa 5 kwa iliyochovywa, 11 kwa isiyochovywa.

Nilitaka kumpigia mke wangu simu nijisifu, kisha nikatazama mteremko. Mistari yote isiyochovywa iko upande wa ntula za Hajati, na maji ya mvua hutoka huko. Basi hiyo 11 ni ya Bacillus kukosekana, au ni ya maji hayo? Uzembe wangu, nilipanga mistari kwa urahisi wa kumwagilia.

Jana nimechimba mfereji mpakani. Hapo nyanya zilipokufa napanda mahindi. Nyanya zinahamia juu, nyuma ya jiko, na safari hii mistari itapishana.