Usiku wa Ullapool

Mama alikubali kwenda Stornoway, mji wa kisiwa cha Lewis, kwa sharti: meli aione kwanza kwa macho yake, tena mchana, na asilazimishwe kuipanda siku hiyohiyo. Ndivyo tulivyojikuta, Julai ya 2016, kwenye kiwanja cha makaravani, vile vijumba vya kukokotwa na gari, cha Ullapool, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, ambako meli ya Stornoway huondokea, mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama aliyetoka Pemba wiki chache kabla.

Mdogo wangu wa kike, ambaye ni muuguzi, wakati huo alikuwa akifanya kazi kisiwa cha Lewis, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mama alikuja kumwangalia mzazi. Ndege ya kutoka Glasgow ilikuwepo, lakini ukipiga hesabu ya tiketi za watu wote, na kitanda cha mtoto, na yale mafurushi ya mama ya viungo, udi na kanga, ilikuwa haiwezekani. Rafiki yetu mmoja akatuazima karavani yake, tukaifunga nyuma ya gari tukaondoka.

Nataka nieleweke: mama haogopi bahari. Amezaliwa Wete, na marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi. Mkondo wa baina ya Unguja na Pemba ameuvuka tangu usichana wake, kwenye tanga na kwenye injini. Kilichomgeuza ni usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipotoka bandari ya Malindi, Unguja, kuelekea Pemba, imejaa kupita kiasi, wengi wakiwa wanarudi makwao baada ya Sikukuu, ikazama upande wa Nungwi. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana. Wasioonekana kabisa ni wengi zaidi ya hao. Waliookoka, wengine walielea juu ya magodoro hadi kukacha. Binti wa dada yake mama alikuwamo. Mama alikuwa amekwenda bandarini Wete alfajiri kumpokea, akakaa pale mpaka adhuhuri, na binti yule hakupatikana, hai wala maiti. Tangu hapo mama hakukanyaga meli. Akitaka Unguja hupanda vile videge vidogo, na kama nauli haipo, haendi.

Kwa hiyo aliposema aione kwanza, hakuna aliyembishia.

Kutoka Inverness barabara inapanda kwenye nyika tupu ya milima, halafu inateremka ghafla na maji ya Loch Broom, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, yanatokea chini yako. Kijiji chenyewe ni nyumba nyeupe zilizopangwa mstari kando ya maji, kilijengwa mwaka 1788 kwa ajili ya uvuvi wa samaki wa heringi. Kiwanja cha makaravani kiko pembeni ya kijiji, majani yanashuka mpaka kwenye kokoto za pwani, na ukisimama mlangoni mwa karavani hakuna kitu baina yako na bahari.

Sikuwahi kuona mahali palipo na wasafiri namna ile. Kuna viwanja ambavyo watu hutandaza mikeka ya nje, maua ya plastiki na majiko ya kuchomea nyama, wakakaa kama wamehamia. Pale karibu nusu ya watu walikuwa njiani tu. Waya wa umeme umechomekwa, ndoo ya maji imejazwa, basi. Vitu vingine vyote vimebaki kwenye mifuko. Salamu ya kwanza mtu akikukuta kwenye mabomba ilikuwa: mnakwenda au mnarudi? Waliorudi kutoka visiwani walikuwa na mchanga mweupe kwenye matairi na nyuso zilizobabuka kwa upepo, na walitueleza bila kuulizwa ni ufuko gani tusiukose. Waliokuwa wakienda waliangalia mbingu kila baada ya muda.

Nilipomaliza kuweka miguu ya karavani sawa, mama alikuwa amekwishavaa baibui na viatu. Tukashuka gatini, yeye na mimi.

Meli ya jioni ilikuwa inapakia. MV Loch Seaforth, jina limeandikwa ubavuni kwa Kiingereza na Kigaeli, lugha ya asili ya huko, inachukua abiria 700, na sehemu ya chini yote ni ya magari. Mama hakutaka kukaa. Alisimama kwenye kizuizi cha chuma karibu na ukuta na kuangalia kama mtu anayenunua. Magari yalikuwa yamepangwa kwenye mistari yenye namba. Kijana mwenye koti la njano alipita gari moja moja, akaangalia tiketi, akahesabu vichwa vilivyomo ndani, akabonyeza kimashine chake. Mama aliuliza: "Anahesabu na watoto wachanga?" Nikaenda kuuliza. Nikaambiwa ndiyo, hata wa siku moja huandikwa jina. Nikarudi na jibu, na mama akatikisa kichwa polepole, macho hayatoki kwenye meli.

Malori yaliingia kwanza, kisha mabasi, kisha gari ndogo. Mama alikuwa anaangalia pale maji yanapokutana na chuma. Baba alimfundisha: chombo ukikitazama juu kitakudanganya, kitazame kiunoni. Kila lori lilipoingia alinyoosha kidole kidogo, kanga yake imefunika mkono, kupima meli imeshuka kiasi gani. Ilishuka kidogo sana. Lango likafungwa, kamba zikaachiwa, ikatoka bila kuyumba. Kwenye mstari wa mwisho yalibaki magari mawili ambayo hayakupata nafasi. Wenyewe walikuwa wametoka nje wanakunywa chai kwenye chupa, hakuna kelele, hakuna anayepewa kitu ili apitishwe.

Hayo magari mawili ndiyo yaliyomgusa. "Wamewaacha," aliniambia tukipanda kurudi. "Nafasi imekwisha, wamewaacha." Alilisema hilo tena kwa mke wangu, na tena usiku.

Watoto walikuwa wamenunua samaki wa makrili kwa mvuvi, wabichi, migongo bado inang'aa mistari ya kijani na nyeusi. Mama aliwapasua mgongoni, akawatia chumvi, ndimu, pilipili na kitunguu thomu alichokitwanga kwa kitako cha kikombe, kwa kuwa kinu hatukuwa nacho, akawakaanga kwenye jiko la gesi mlango ukiwa wazi. Upepo ulikuwa umekufa kabisa. Ndipo usubi ukatoka, mawingu ya usubi, wa Uskoti una sifa zake, ukaingia machoni na kwenye nywele, watoto wanalia. Mama peke yake ndiye aliyefurahi. "Usubi hautoki kwenye upepo," akasema. "Bahari ya kesho ni shwari, inshallah."

Karavani ya jirani ilikuwa na mzee na mkewe, watu wa Lewis, wanarudi kwao baada ya kumtembelea mtoto wao Edinburgh. Mama hawezi kukaanga samaki harufu ikafika kwa jirani halafu asipeleke. Alinituma na sahani. Baada ya nusu saa bibi yule aliirudisha mwenyewe, na juu yake skonzi za moto zimepakwa siagi. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Sahani hairudi tupu hata kule, na hilo lilitosha. Aliwakaribisha wakae, nikatoa viti, mke wangu akamimina chai ya iliki, nami nikawa mkalimani.

Mzee aliuliza kwa nini hatukupanda meli ya jioni na nafasi ilikuwepo tulipofika. Nilitaka kujibu kwa mkato. Mama akanizuia, akasema mwambie. Nikamwambia yote, Nungwi, magodoro, yule binti.

Mzee alikaa kimya, halafu akatueleza ya kwao. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1919, Vita vya Kwanza vya Dunia vimekwisha, meli iitwayo Iolaire ilikuwa inawarudisha nyumbani wanamaji wa Lewis na Harris. Ikagonga miamba ya Holm, mdomoni mwa bandari ya Stornoway, taa za mji zinaonekana, nchi kavu iko hatua chache. Watu 201 wakafa, 79 wakaokoka. Arubaini kati ya hao waliokolewa na kamba ambayo mtu mmoja, John F. Macleod wa Ness, aliogelea nayo mpaka ufukoni. Mjomba wa mama yake mzee alikuwa miongoni mwa waliokufa. Nyumbani kwao, alisema, miaka na miaka hakuna aliyelitaja jambo hilo mezani. Yeye alilisikia vizuri akiwa mtu mzima.

Mama aliuliza kama wote walipatikana. Mzee akasema hapana, wengine hawakuonekana tena. Akauliza waliokuwa wakiwangoja walikuwa wapi. Mzee akasema majumbani, moto umewashwa, nguo kavu zimetandazwa mbele ya moto. Mama akaweka kikombe chini. Hawakuangaliana, yeye na yule bibi, lakini bibi alisogeza kiti chake karibu, wakakaa bega kwa bega.

Saa nne usiku jua lilikuwa bado halijazama. Mama alingoja Magharibi kwa subira, akaswali kwenye majani nje ya karavani, usubi na yote, na dua yake ilikuwa ndefu. Kabla ya kulala akaniambia niweke saa ya kuamsha.

Asubuhi tulifunga gesi, maana huruhusiwi kuingia melini mtungi ukiwa wazi, tukajipanga kwenye mstari wetu. Kijana wa koti la njano alipofika, mama alishusha kioo, akamtajia jina lake kamili, la baba yake na la babu yake, polepole, ili lisikosewe. Ndani ya meli aliniambia nimwonyeshe makoti ya kuokolea yalipo. Nikamwonyesha. Akayashika. Halafu akatafuta kiti dirishani na kukaa humo saa mbili na nusu nzima, tasbihi mkononi, bahari imetulia kama alivyosema.

Tulipokaribia Stornoway mzee alikuja kutuita. Miamba ilikuwa upande wa kulia, midogo kuliko nilivyodhani, na mnara wa kumbukumbu juu ya nchi kavu nyuma yake. Mama alisimama, akasoma Fatiha, akapangusa uso.

Mdogo wangu alikuwa gatini amembeba mtoto. Mama alimchukua kabla hata ya kumsalimia mamake, akamtazama vidole vya miguu na mikono, akauliza nani aliyemtoa nje kwenye baridi hii bila kofia.