Kitufe cha kuonekana juani

Karani anayepokea sato na sangara pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, haisomi skrini ya programu ya mauzo, anaitupia jicho tu. Jua linawaka, vidole vimelowa, mwenye mzigo anasubiri hela yake. Jicho hukimbilia kilicho tofauti na majirani zake: kwa rangi, ukubwa, mwelekeo au mwendo. Mwaka 1980 wanasaikolojia Anne Treisman na Garry Gelade walieleza kwamba kinachotofautiana kwa sifa moja huonekana mara moja hata pakiwa na vitu vingi. Kinachotambulika kwa kuunganisha sifa mbili hutafutwa kimoja kimoja.

Sasa angalia programu nyingi za mauzo. "Hifadhi" ya kijani, "Chapisha" ya bluu, "Rudi" ya njano, na "Futa" nyekundu ubavuni mwa "Hifadhi". Vyote vinapiga kelele, na karani anafuta mzigo mzima. Jaza rangi kitufe kimoja tu, kile cha hatua inayofuata. "Rudi" na "Chapisha" vibaki na mstari wa kuvizunguka tu. "Futa" iwe maandishi matupu, mbali, na iulize kabla ya kutekeleza. Kitufe kikuu kisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye skrini za Android), yaani milimita 8 au 9 hivi. Kwa vidole vyenye magamba ya samaki mimi ningeongeza.

Kijivu ndicho kinachoponza wengi. Maandishi ya #999999 (namba ya rangi, hapa kijivu hafifu) juu ya nyeupe yana uwiano wa mwangaza wa 2.85:1, wakati WCAG, mwongozo wa kufanya wavuti isomeke na watu wote, unadai 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida. #767676 inapita kwa shida, 4.54:1, lakini vipimo hivyo havihesabu jua. Mng'ao wa kioo huongeza mwanga kwenye herufi na kwenye nyeupe pia, kwa hiyo uwiano unashuka. Kwa kazi ya mwaloni anzia 7:1, yaani #595959 au nyeusi zaidi.

Nyekundu ya "Anadaiwa" na kijani ya "Kalipwa" zisiachwe peke yake, maana wapo wasiozitofautisha. Weka neno au alama. Tangazo linalopepesa juu ya sehemu ya kuandika kilo, litoe kabisa.

Kupima ni rahisi: piga picha ya skrini, iondolee rangi, itie ukungu mpaka herufi zipotee. Doa linalobaki wazi ndilo jicho litakaloanza nalo. Mara nyingi ni nembo ya kampuni. Ipunguze, bosi anune akitaka. Ukishapata mpangilio, usiuhamishe kila toleo jipya, kwa sababu karani mzoefu hubonyeza mahali alipopazoea kabla hata hajaangalia rangi.