Siku mwalimu alipotaka Kiswahili

Shuleni kwetu ukisikika unaongea Kiswahili, kiranja alikuandika jina. Kwa hiyo kidato cha tatu tulishtuka mwalimu wa Kiingereza alipoingia na kusema, "Leo nataka Kiswahili. Uwezo, hamu, sababu, uwezekano. Malizieni."

Tukapaza sauti: uwezo wa kuogelea, hamu ya kujifunza, sababu ya kuchelewa, uwezekano wa kufeli. Akayaandika ubaoni, akapiga mstari kwa chaki nyekundu chini ya kila "wa" na "ya". Pembeni akaandika "ability to swim", "interest in learning", "reason for being late", "possibility of failing", akapiga mistari tena. Safari hii ilikaa chini ya maneno manne tofauti.

Miaka yote tulisahihishiwa "interest of" na "possibility to" bila kuambiwa kosa linatoka wapi. Sasa tuliliona kwa macho: a-unganifu yetu, yaani hizo "wa" na "ya", inabeba kazi zote hizo peke yake, ilhali kwa Kiingereza nomino dhahania nyingi zina kihusishi chake. Uharibifu wa barabara ni "damage to", ongezeko la bei ni "increase in", mahitaji ya maji ni "demand for". Akaagiza tusiandike tena nomino daftarini bila mkia wake.

Kisha akaandika "the news that he brought" na chini yake "the news that he died". Tofauti ni nini? Kimya.

"Semeni kwa Kiswahili."

Msichana wa dawati la mbele akajibu taratibu: "Habari aliyoileta, Mwalimu. Na habari kwamba alifariki."

Darasa zima likaguna. "That" ni ile ile, lakini ya kwanza ni kirejeshi, inaonyesha habari ipi. Ya pili inafungua kishazi kinachosema habari yenyewe ni nini. Ndiyo maana ya kwanza unaweza kuibadilisha ikawa "which", ya pili haikubali. Nikikuta hadi leo mtoto anaadhibiwa kwa kutumia lugha iliyotupa jibu lile, naumia.

Kengele ililia tukiwa tumefika kwenye "chance". Timu ya shule ilikuwa na fainali Jumamosi, basi tukabishana hadi bwaloni: "a chance to win", nafasi ya kushinda, tunayo, maana fainali tumeingia; "a chance of winning", uwezekano wa kushinda, ni habari nyingine, kwa sababu golikipa wetu alikuwa amelazwa na malaria.