Shamba la Watu

Mama mkwe wangu alijivunia sana jina lake, Østergaard. Alilitaja kwa madaha kama mtu wa ukoo wa kichifu, huku akiwaonea huruma akina Nielsen na Jensen waliojaa Denmark nzima. Jioni moja ya Januari, nyumbani kwake Aarhus, akaniambia nilete kompyuta tumtafute huyo Østergaard wa kwanza. Vitabu vya parokia zao vimo kwenye intaneti, bure, vimewekwa na Rigsarkivet, idara yao ya nyaraka.

Hatukwenda mbali. Babu yake alibatizwa Jutland, magharibi mwa Denmark, miaka ya 1880, na aliyebatizwa ni Nielsen. Pembeni mwa ukurasa, kwa wino mwingine, mtu kaongeza kwamba karuhusiwa kuitwa Østergaard. Ni sheria ya majina ya 1904: serikali ilichoka na akina Hansen wasiohesabika, ikarahisisha kubadili. Wengi walichukua majina ya mashamba. Østergaard ni shamba la upande wa mashariki, na Jutland yako mengi. Tukatazama kazi ya baba wa mtoto: kibarua. Shamba lilikuwa la watu.

Mama akanyamaza, akamimina kahawa, akasema tuendelee.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Zamani mwana wa Niels aliitwa Nielsen, binti yake Nielsdatter, na kizazi kinachofuata jina linageuka tena, kama bin na binti za kwetu. Amri ya 1828 ilitaka kila ukoo ushike jina moja, lakini vijijini watu waliendelea na mazoea yao miaka mingi. Basi tukawa tunamtafuta baba wa yule mtoto, Niels Jensen, na parokia ilikuwa nao tele. Jina halikutufaa kitu. Kilichotufaa ni sensa ya 1845, ya kwanza kuandika mtu kazaliwa parokia gani, kisha orodha ya kipaimara, ambamo mchungaji kaandika umri wa kijana, wazazi wake, hata siku aliyochanjwa ndui. Tangu 1810, asiyechanjwa wala kuugua ndui hakupewa kipaimara.

Baba yake Niels alizaliwa kabla ya 1814, enzi ambazo kila mchungaji aliandika apendavyo. Tarehe hakuna. Kuna “Dom. 5 p. Trin.” tu, halafu majina kwa mwandiko wa kigothi ambao e na n ni mapacha. Mama, ambaye kanisani huonekana Krismasi, akabaki kukodoa macho. Mimi nimelelewa Kilutheri kama wao, KKKT Moshi. Siku ya Bwana ya tano baada ya Utatu naijua tangu shule ya Jumapili. Nikatafuta Pasaka ya mwaka ule, nikahesabu wiki 13, siku ya ubatizo ikapatikana.

Usiku wa manane tukawa tumemfikia Jens, mwana wa Peder. Nikadhani sasa katosheka, tukalale.

“Na yule mwenye shamba,” akaniuliza, “naye si atakuwa humohumo kitabuni?”