Seva ya picha za ukoo, wiki ya tatu: nani anaingia

Wiki hii sikupandisha hata picha moja. Nilifungua kumbukumbu za seva nikakuta watu nisiowajua wamekesha wakibahatisha majina kwenye poti 22, mlango wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali): root, admin, test. Picha za harusi ya bibi ziko humo. Nikaamua kuingia kwa ufunguo tu (faili la siri linalokaa kwenye kompyuta ya mtu), nywila basi.

Nikaandika `PasswordAuthentication no` (nywila zisikubaliwe) ndani ya `sshd_config`, faili la mipangilio ya SSH, nikawasha huduma upya, nikajaribu kwa kompyuta isiyo na ufunguo. Ikaniomba nywila, na ikanipokea!

Jioni nzima ikaishia hapo. Kumbe kwenye Ubuntu, mfumo unaoendesha seva yangu, faili hilo huanza na mstari wa `Include` unaovuta mafaili ya folda `sshd_config.d`, na humo kulikuwa na `50-cloud-init.conf` lenye `yes`, limekuja na seva tangu siku ya kukodi. sshd, programu ya seva inayopokea wanaoingia kwa SSH, hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo. Ya kwangu ilikuwa chini, haikuhesabiwa. Nimehamishia amri zangu kwenye `10-mlango.conf`, lisomwe mapema. Tangu hapo siamini nilichoandika mpaka `sudo sshd -T` inionyeshe kinachotumika kweli.

Kazi ya pili ilinigusa zaidi. Binamu aliyekuwa akisaidia ameacha, na mwezi uliopita nilimfungia akaunti kwa `passwd -l`. Nikadhani yamekwisha. Juzi kaniambia mwenyewe, kwa uungwana, kwamba bado anaingia. Amri ile hufunga nywila peke yake. Ufunguo wake ulikuwa umetulia ndani ya `authorized_keys`, faili la funguo zinazokubaliwa.

Kwa hiyo nimeunda kundi `waingiao` na kuweka `AllowGroups waingiao`. Asiye kwenye kundi hapiti, awe na ufunguo au asiwe nao. Tuko wanne: mimi, shangazi, na wadogo zangu wawili. Nilijitia mimi kwanza, nikapima kwa `sshd -t` kama mipangilio ina kosa, nikaacha dirisha moja limeunganishwa huku nikijaribu kwa jingine. Ufunguo wa binamu nimeufuta pia.

Imebaki akaunti ya nakala za usiku. Nayo lazima iwe kwenye kundi, lakini ufunguo wake nataka ukubalike kutoka anwani moja tu, kwa `from=` mbele ya mstari wake. Nitaijaribu Jumamosi.